Jibu: Mpwa wangu yuko Dar, anataka kubobea upasuaji wa saratani nje

> Ndugu zangu, habari za huko mliko. Mpwa wangu kamaliza MMed (shahada ya ubingwa) ya upasuaji pale Dar, sasa anautaka ubingwa wa saratani. Mimi huku Houston naendesha lori, mambo ya hospitali siyajui. Hawa watu wanachaguaje? Ni alama, ni hela, au ni kujuana?
> Mzee wa Houston

Shikamoo mzee. Nina mwaka wa tatu tangu nirudi Dar, baada ya kusomea fani hiyo hiyo Kanada.

Nianze na Marekani, kwa kuwa ndiko uliko. Feloshipu, yaani mafunzo ya kubobea zaidi baada ya ubingwa, ni ya miaka 2, na anayeyasoma huitwa felo. Nafasi hugawanywa kupitia NRMP, mfumo wa taifa wa kuoanisha madaktari na hospitali: mwombaji anapanga hospitali anazozitaka, hospitali nazo zinawapanga waombaji, kompyuta inawaoanisha. Lakini kuna ukuta kabla ya hapo. Kanuni za ACGME, chombo kinachoidhinisha mafunzo ya madaktari huko, zinataka rezidensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) ya upasuaji wanayoitambua wao, na MMed ya kwetu haimo. Upo mlango mdogo kwa daktari wa kigeni mwenye sifa za pekee, ila si kila programu inaufungua, na bado atahitaji cheti cha ECFMG, kinachotolewa kwa madaktari waliosoma nje ya Marekani, na ili akipate lazima afaulu mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya huko, ambayo ni ghali. Kwa hiyo kabla hajalipia hata mtihani mmoja, aziandikie programu aulize kama zinapokea watu kwa njia hiyo. Nawajua walioanza na mitihani wakaja kuuliza baadaye. Inauma.

Kanada ni nafuu kidogo, kwa sababu baadhi ya vyuo huchukua mafelo ambao tayari ni mabingwa kwao. Asiisahau na India. Tata Memorial ya Mumbai inatibu saratani tangu 1941.

Sasa kuchaguliwa kwenyewe. Alama ni chekeche tu la mwanzo. Kinachombeba mtu ni barua za mapendekezo za waliosimama naye kwenye meza ya upasuaji. Mwaka wa kwanza niliomba sehemu 5 na sikuitwa hata moja. Sababu niliielewa nilipokuwa felo, nikakaribishwa kwenye kikao cha kuchambua maombi. Ilisomwa barua ya mistari minne: mchapakazi, mnyenyekevu, anawahi kazini. Faili likafungwa, dakika haijaisha. Ikafuata nyingine, mwandishi anasimulia upasuaji mmoja: mshipa ulipasuka nyuma ya kongosho, kijana akaweka kidole, akatulia, akamwita mkubwa wake bila kuona aibu. Meza nzima ikanyamaza kusikiliza. Barua zangu za kwanza zilikuwa kama ile ya mistari minne.

Huku kwetu bosi anakwambia "andika mwenyewe, nitasaini". Mpwa wako asikubali. Aombe nusu saa, aende na logibuku yake (daftari la kumbukumbu za upasuaji aliofanya), amkumbushe bosi wagonjwa watatu waliowafanyia pamoja. Na hiyo logibuku ioneshe matiti mangapi na matumbo mangapi kafanya yeye mwenyewe, na mangapi alikuwa msaidizi tu, anashika retrakta, kifaa cha kutanulia kidonda. Asizichanganye, watamuuliza.

Utafiti nao una uzito mkubwa. Marekani wengi wanaoomba wamekaa mwaka au miwili maabara. Yeye hana maabara, ila anaona kila wiki wagonjwa wanaofika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Achukue swali moja tu: mama mwenye uvimbe wa titi alipita wapi kabla ya kufika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na kila kituo kilimchelewesha kwa nini? Kazi hiyo ikifanywa vizuri itasomwa popote.

Kwenye usaili nilisema nitarudi nyumbani. Wakanijibu: utarudi kwenye nini? Nani atasoma kinyama cha uvimbe, majibu yatachukua siku ngapi, mionzi ataipata wapi? Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na naamini ndipo nilipopita.

Usaili mwingi sasa ni wa video. Saa kumi jioni ya New York, majira yao ya joto, ni saa tano usiku Dar. Umeme wa Sinza ulikatika jioni ile ile, nikakimbilia kwa binamu yangu Mikocheni mwenye jenereta. Mpwa wako aandae pa kukimbilia mapema.

> Marahaba binti yangu, nimekuelewa vizuri. Na hela je?
> Mzee wa Houston

Marekani felo analipwa mshahara. Kanada inategemea: wengine wanalipwa na hospitali, wengine wanakuja na ufadhili wa serikali zao. Aulize kabla ya kuomba, na jibu liwe kwa maandishi. Mwambie Jumamosi asubuhi nipo Upanga. Aje na logibuku na barua alizonazo, tuzipitie ukurasa kwa ukurasa.