Tupeane uzoefu: mzaha wa kushtua jukwaani unastahili kusifiwa na wahakiki?

Mwana wa Mkomani: Leo nimesoma uhakiki unaomsifu mchekeshaji kwa kuthubutu kusema yasiyosemeka, nikakumbuka usiku niliompeleka shangazi yangu katika ukumbi mmoja wa Nyali, Mombasa. Kijana aliyekuwa jukwaani aliigeuza ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272, kuwa mzaha kuhusu watu wa Pwani wanaokaa ufuoni bila kujua kuogelea. Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu shangazi, ambaye mumewe alizama asubuhi ile, alikuwa amesimama. Akamuuliza, "Mwanangu, mwaka huo ulikuwa umeshazaliwa?" Kijana akajibu kwamba hakuwa amezaliwa. "Basi waliozaliwa wanakusikia," akasema, akaketi. Mhakiki aliyekuwepo aliandika kwamba onyesho lilikuwa la ujasiri, wala hakutaja kisa hicho hata kwa sentensi moja. Ujasiri huo ulimhatarisha nani?

Bi Tudor: Umesema kweli tupu.

Msomaji wa Bondeni: Mimi napinga. Lenny Bruce, mchekeshaji wa Marekani, alihukumiwa New York mwaka 1964 kwa lugha iliyoitwa chafu, akafa mwaka 1966, na msamaha wa gavana ukaja mwaka 2003. Wahakiki wangalisubiri kila mtu aridhike, nani angalimtetea? Hapa kwetu, kundi la wachekeshaji la Redykyulass walimwiga Rais Moi angali Ikulu, na wengi walishtuka.

Mwana wa Mkomani: Moi alikuwa na polisi, ndugu yangu, waliozama Mtongwe wana nini? Angaliwacheka waliojaza abiria kupita uwezo wa feri, ningalimpigia makofi mimi mwenyewe.

Msomaji wa Bondeni: Usimpangie msanii cha kusema. Hata mtani humcheka marehemu matangani.

Bi Tudor: Mtani anajulikana na wafiwa, tena hakati tiketi mlangoni.

Fundi wa Majengo: Nionavyo mimi, kushtua ni kazi rahisi, kwani yeyote anaweza kutaja maiti au sehemu za siri na watu wakaguna. Mhakiki anapaswa kueleza mzaha umejengwaje na unamwelekea nani, lakini wengi husifu mguno wa ukumbi. Wanaokwenda na wazee wanunue viti vya nyuma, karibu na mlango.

Abu Kisauni: La, kaeni mbele na mumkazie macho bila kucheka. Hakuna kinachomtisha mchekeshaji kama hicho.

Bi Tudor: Mkikaa mbele mtageuzwa mzaha ninyi. Mwana wa Mkomani, shangazi aliondoka?

Mwana wa Mkomani: Alibaki hadi mwisho, akisema kwamba pesa zangu zilikuwa zimeshalipwa, na mzaha wa makanga wa matatu za Likoni ulimchekesha hadi akajifuta machozi kwa leso.

Msomaji wa Bondeni: Na mzaha huo haukuwa na matusi?

Mwana wa Mkomani: Ulikuwa nayo, tena mazito.