Mikeka ya kupigia mpira wa gofu kwenye feawei msimu wa baridi: inafaa, na kanuni yake iandikwe vipi?

Kibendera18

Wakuu, salaam. Kamati yetu inataka kuanzia Novemba kila mpira ulio kwenye feawei (ukanda wa nyasi fupi unaoelekea shimoni) upigwe juu ya mkeka mdogo wa nyasi bandia hadi baridi iishe. Uwanja una mashimo 18. Nyasi ni mchanganyiko wa feskyu, benti na rai. Mashimo tisa ya mwanzo yako kwenye udongo wa kichanga, tisa ya mwisho kwenye mfinyanzi unaoshika maji. Wachezaji wamegawanyika: kuna wanaosema mikeka inaharibu mchezo, na kuna wanaosema ni afadhali mpira uhamishiwe rafu (nyasi ndefu za kando) basi.

Naomba majibu ya wanaojua kazi hii. Je, faida yake kwa nyasi ni kubwa kiasi cha kustahili usumbufu? Mkeka wa aina gani, na mingapi? Tuanze na kuacha lini? Na kanuni ya uwanja iandikwe namna gani ili mashindano yasivurugike?

---

MtunzaUwanja

Nianze na nyasi, maana hapo ndipo hoja yote ilipo.

Nyasi za nchi za baridi kama hizo zenu huacha kukua udongo ukishuka chini ya nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Kiangazi, kovu linaloachwa na fimbo huzibwa na machipukizi ya pembeni ndani ya wiki chache. Desemba hakuna kinachochipua. Fimbo ya chuma ikishuka huondoka na jani pamoja na kiini cha mche, ile sehemu ya chini kabisa ambako majani mapya huanzia. Kiini kikishaondoka, mche huo umekwisha. Lile kovu linabaki wazi miezi minne, linajaa maji, kingo zinabomoka, na ikifika masika wa kwanza kuota humo ni Poa annua, nyasi-gugu, na magugu mengine.

Piga hesabu. Chukua wachezaji 80 kwa siku, kila mmoja aking'oa vipande 12 kwa raundi, kila kovu sentimita 8 kwa 15. Hayo ni makovu 960, karibu mita za mraba 11.5 za nyasi kila siku ya mchezo. Kwa siku 80 za mchezo ndani ya msimu, unapoteza zaidi ya mita za mraba 900. Na hasara hiyo haitawanyiki uwanja mzima. Inarundikana pale mipira mingi inapotua na kwenye mabonde ambako mipira hujikusanya yenyewe. Ndiyo maana utakuta feawei ina afya kwa jumla, lakini kuna mahali huwezi kuweka mguu bila kukanyaga kovu.

Kuziba makovu kwa mchanga na mbegu hakukuokoi wakati huo. Rai huota ndani ya siku 5 hadi 10 udongo ukiwa na joto, feskyu wiki moja hadi mbili, lakini mbegu iliyolala kwenye udongo wa nyuzi 4 haioti. Huliwa na ndege au huoza. Kukirudisha kipande kilichong'oka nako ni bahati nasibu, kwa sababu mizizi haishiki na kunguru hukipindua wakitafuta wadudu. Baridi ikiwa kali, jaza mchanga mtupu hadi usawa wa udongo, usipite hapo, maana mchanga uliozidi unakula visu vya mashine. Mbegu ingoje udongo ufike nyuzi 8 hadi 10.

St Andrews, Uskoti, kwenye Old Course, mikeka hutumika kwenye feawei kuanzia Novemba hadi Machi. Huo ni uwanja wa kichanga unaopitisha maji vizuri kabisa, na bado wanaona haja, kwa sababu wachezaji ni wengi na feskyu hupona polepole mno. Kwa hiyo mashimo yenu tisa ya kichanga yasiachwe nje ya mpango kwa kuwa tu ni makavu.

Kuhusu tarehe: weka tarehe kwenye kalenda ili wachezaji wajipange, ila uamuzi wa kweli uutoe kwenye kipimajoto. Chomeka kipimajoto cha udongo sentimita 10, asubuhi saa ile ile kila siku, sehemu tatu: yenye jua, yenye kivuli cha miti na yenye mfinyanzi. Wastani ukishuka chini ya 7 na utabiri hauonyeshi joto kurudi, mikeka itoke. Kuiondoa, ngoja hadi mashine ya kukata iwe inaleta majani ya kutosha kwa mikato miwili au mitatu mfululizo. Siku tatu za jua la Februari zisiwadanganye.

---

ChumaSaba

Mimi naongezea upande wa kifaa chenyewe na namna ya kukitumia, kwa kuwa mikeka mingi hulaumiwa bure wakati kosa ni mahali mpira ulipowekwa.

Ukubwa unaofaa ni kama sentimita 30 kwa 20. Mdogo zaidi ya hapo fimbo inauruka na kukata udongo mbele yake. Mkubwa zaidi hakuna atakayeubeba. Unene usizidi sentimita 1.5, na mgongo uwe wa mpira laini unaokubali kujikunja ukafuata umbo la ardhi. Mkeka mgumu ukiuweka kwenye mwinuko unabaki na uwazi chini yake. Fimbo ikigusa, unaruka kama springi na mpira unatoka kokote.

Sasa mpira uwekwe wapi. Wengi huuweka ukingo wa mbele, upande wa shabaha, na hilo ndilo kosa kubwa. Fimbo ya chuma ikipigwa vizuri hugusa mpira kwanza, kisha ndiyo inashuka na kukata nyasi *mbele* ya pale mpira ulipokuwa. Ukiuweka ukingoni mbele, fimbo inatoka kwenye mkeka na kung'oa udongo ule ule uliokuwa unaulinda. Uweke sentimita 10 hivi kutoka ukingo wa nyuma, ili zibaki karibu 20 mbele za kupokea fimbo.

Hatua zenyewe: inua mpira, sawazisha ardhi kwa kiatu, laza mkeka pale pale mpira ulipokuwa, urefu wake ukielekea shabaha, ukandamize kona zote nne, kisha weka mpira. Ufunge kwa kamba fupi yenye kigingi cha tii (kile kijiti cha kuinulia mpira), nacho ukichomeke kwenye kona ya *nyuma*, kichwa kikizama hadi usawa wa nyasi. Fimbo huburuta mkeka kwenda mbele, hivyo kigingi cha nyuma kinauzuia ukiwa umenyooka. Ukikiweka mbele, mkeka unajikunja juu ya kigingi na kupaa. Miguu inakaa kwenye nyasi, si juu ya mkeka.

Fimbo za mbao (zile za vichwa vikubwa za kupigia mbali) zina shida yake. Zinakuja chini chini, na kingo ya nyuma ya mkeka inaweza kuzidaka kabla ya mpira. Kwa fimbo hizo kamati iruhusu kigingi kifupi cha tii badala ya mkeka. Kigingi haking'oi kitu mchezaji akifagia mpira inavyotakiwa.

Na ni kweli mkeka unaficha makosa: ukigonga ardhi kabla ya mpira, fimbo inateleza na mpira unakwenda karibu vizuri tu. Anayejizoeza ajue hilo, asije akashangaa Aprili. Siku ardhi imekuwa ngumu kwa baridi kali, mkeka mwembamba unapitisha mtikisiko wote hadi kwenye kifundo cha mkono. Wenye maumivu ya viungo watumie kigingi.

Baada ya mchezo osheni mikeka kwa maji na kuianika ikining'inia. Mchanga ukikaa ndani ya nyuzi hukwaruza uso wa fimbo kama msasa, na mkeka uliolala na maji nje unaganda na kupasuka mgongo.

---

Bermuda_Daima

Mimi nina mashaka kidogo, si kwa uwanja wa Kibendera18 bali kwa wanaosoma hapa wenye nyasi za aina nyingine. Bermuda hulala udongo ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi na kugeuka rangi ya majani makavu, lakini chini ya ardhi ina mashina yanayotambaa ambayo fimbo haiyafikii yote. Joto likirudi inafunga makovu yenyewe. Hapo mikeka ni gharama isiyo na maana kubwa, isipokuwa kwenye tii (mahali pa pigo la kwanza) za mashimo ya par 3, yale mafupi ya mapigo matatu. Zoysia ni jambo jingine, maana inapona polepole sana.

Halafu kuna hao wa mfinyanzi. Kwenye mashimo yenu tisa ya mwisho adui wa kwanza ni miguu na magurudumu. Mfinyanzi uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi. Mkeka hauzuii hata chembe ya hilo.

---

MtunzaUwanja

Bermuda_Daima kasema kweli kuhusu mfinyanzi, na ningeomba kamati isikie sehemu hiyo kabla ya kununua chochote. Mikeka bila mpango wa kuongoza watu ni nusu ya kazi. Fungeni kamba kwenye mapito ya kutoka grini moja (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo) kwenda tii nyingine na mzihamishe kila wiki kabla njia ya tope haijaonekana; ikishaonekana mmechelewa. Vigari visitembee kabisa kwenye mfinyanzi uliolowa, na vitoroli viwe vya magurudumu mapana. Pale ambapo kila mtu lazima apite, kama penyo kati ya bunka (kibonde cha mchanga) na grini, lazeni wavu mzito wa plastiki unaoacha nyasi zipenye.

Na jalidi: mkeka si ruhusa ya kucheza asubuhi yenye jalidi. Maji ndani ya jani yakiwa yameganda, ukikanyaga unapasua seli, na baada ya siku mbili nyayo zako zinaonekana nyeusi au kahawia hadi masika. Hatari zaidi ni wakati wa kuyeyuka, sentimita mbili za juu zikiwa laini na chini bado kumeganda. Hapo mguu ukiteleza unakata mizizi. Chomeka kisu au bisibisi sentimita 10. Kikigonga kigumu, uwanja ubaki umefungwa.

---

Kibendera18

Asanteni sana, hili la kipimajoto na la ukingo wa nyuma nimelinakili kwa kamati. Vipi kuhusu wale wanaotaka kuhamishia mpira rafu? Na kanuni?

---

KaramuYaMwamuzi

Kuhamishia rafu ni rahisi na hakuna cha kununua, lakini unahamisha makovu tu. Wachezaji wote watatokea kwenye ukanda ule ule wa mita mbili au tatu kando ya eneo la kutua mipira, na kufikia Januari ukanda huo ni tope. Kunafaa kwa mashimo machache yenye feawei nyembamba, au kwa wiki mbili tatu za mvua nyingi. Kwa miezi minne, hapana.

Kuhusu kanuni, muhimu kwanza ni kwamba kamati iitangaze kwa maandishi. Bila kanuni ya uwanja, anayeinua mpira na kuupiga kutoka kwenye mkeka amecheza kutoka mahali pasipo pake: adhabu ni mapigo mawili kwenye mchezo wa mapigo, na kupoteza shimo kwenye mchezo wa ana kwa ana. Pia msichanganye na ile kanuni ya mfano E-3 ya sheria za gofu, ya kuinua, kusafisha na kuweka mpira. Ile inampa mchezaji hiari, na mkeka mnautaka uwe lazima.

Andikeni mambo haya yasiachwe hewani: eneo linalohusika (nyasi zilizokatwa kwa kimo cha feawei au chini ya hapo, isipokuwa grini), mkeka uwekwe mahali mpira ulipolala au karibu iwezekanavyo, usiwe karibu zaidi na shimo, mpira ukidondoka kutoka kwenye mkeka kwa upepo kabla ya pigo, urudishwe bila adhabu, mkeka uondolewe baada ya kila pigo, adhabu ya asiyeutumia, na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Hilo la upepo msilisahau, ndilo linaloleta ugomvi.

Amueni pia kuhusu mapigo mafupi. Mchezaji aliye mita 20 kutoka grini anayetaka kupiga kwa pata (fimbo ya kuviringishia mpira) hang'oi kitu, na kumlazimisha atumie mkeka ni kumwonea bure. Ningeandika: "mkeka ni lazima kwa fimbo yoyote isipokuwa pata." Weji, fimbo ya mapigo mafupi ya juu, ndiyo inayochimba kuliko zote, kwa hiyo isisamehewe hata mita 10 kutoka grini.

Kabla ya msimu muulizeni msimamizi wa handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) kwenye chama chenu cha taifa kama alama za raundi za mkeka zitahesabiwa, kisha mbandike jibu kwenye ubao pamoja na kanuni.

---

ChumaSaba

Swali la idadi lilisahaulika. Vikundi vya watu wanne vikiondoka kila baada ya dakika 10, na raundi ikichukua saa nne na nusu, uwanjani mna vikundi 27 kwa wakati mmoja, yaani watu 108. Ongeza robo kwa inayopotea, inayolowa na inayokaushwa: mikeka 135. Wanachama wakinunua ya kwao, klabu iweke ya wageni tu. Kila mmoja uwe na namba na kamba ya kufunga kwenye mfuko, na urudishwe kabla mgeni hajachukua amana yake. Rangi nayo ina maana: mkeka wa kijani juu ya nyasi za kijani husahaulika. Chagueni wenye ukingo wa rangi ya chungwa au nyeupe.

---

Kibendera18

Moja la mwisho: kwenye tii za par 3 tuweke mikeka mikubwa ya kudumu?

---

MtunzaUwanja

Ndiyo, ila isikae juu ya tii yenyewe. Mkeka wa mita 1.5 kwa 1.5 ukilala juu ya nyasi wiki tatu unaziua kwa kukosa mwanga. Tengeneza kitako pembeni: chimba sentimita 15, jaza kokoto na mchanga ulioshindiliwa, kisha ulaze mkeka uwe sawa na ardhi ya pembeni ili mchezaji asijikwae na maji yapite chini. Usawa uupime kwa pimamaji pande zote mbili. Mkeka ukiinama hata kidogo kuelekea nyuma, kila mtu atalalamika kwamba mipira inakwenda juu mno.