Giaboksi ya CVT kwenye milima ya Bukavu: je, itadumu?

Mkaaji wa Nguba (Bukavu) anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninatafuta gari la familia lililokwisha kutumika, la kutupeleka kila siku kutoka Nguba hadi Panzi tukiwa tumejaa, na mara kwa mara kushuka mlima wa Ngomo hadi Kamanyola kuwaona wazazi. Magari mawili yamenivutia: Nissan X-Trail ya mwaka 2009 na Toyota RAV4 ya mwaka 2008. Yote mawili yametoka Japani na yote yana CVT, yaani giaboksi inayobadilisha mwendo bila hatua za gia. Jirani yangu alikuwa na gari lenye giaboksi ya namna hiyo, la aina nyingine. Lilianza kuvuma, kisha likawa linakataa kupanda likishapata moto, na hatimaye likaegeshwa. Fundi mmoja ananishauri nisiguse CVT kabisa, mwingine anadai hayo ni maneno ya wasioijua. Je, udhaifu uko katika chombo chenyewe au katika matunzo yetu? Na nikinunua, nitegemee kilomita ngapi?

Fundi wa Kadutu (Bukavu):

Ndugu yangu, chombo chenyewe si kibovu, ila kinadai mambo ambayo wengi wetu hatukipi. Wazo lake ni la zamani: DAF ya Uholanzi ilionyesha gari la namna hii mwaka 1958, likitumia mikanda ya mpira, na mwaka 1987 Subaru Justy iliingia sokoni na mkanda wa chuma. Hadi leo, CVT iliyo katika magari haya mawili ina puli mbili, kila puli ina pande mbili zinazokaribiana au kuachana, na baina ya puli hizo unazunguka mkanda ulioundwa kwa mamia ya vipande vidogo vya chuma. Puli moja ikijibana na nyingine ikiachia, mkanda unapanda huku na kushuka kule, na mwendo unabadilika bila hatua. Kati ya mkanda na puli hakuna meno yoyote. Nguvu yote ya injini inapita mahali ambapo chuma kimebanwa juu ya chuma, kukiwa na utando mwembamba wa oili kati yake.

Kwa hiyo oili ya CVT ina kazi mbili zinazoonekana kupingana: ilainishe, na wakati huohuo iuwezeshe mkanda kushika. Ikichoka, mkanda unateleza na kuchubua uso wa puli. Unga wa chuma unaotoka hapo unazunguka na oili hadi kwenye vali zinazoongoza shinikizo. Shinikizo likipungua, mkanda unateleza zaidi. Ugonjwa huo ukishafika kwenye puli, hakuna oili mpya itakayouponya, na nasema hivi kwa sababu kila mara naletewa gari katika hali hiyo, mwenyewe akiomba nibadilishe oili tu.

Kinachoichosha oili ni joto, na Bukavu inazalisha joto. Unapanda polepole, umejaza gari, unasimama na kuondoka katika msongamano wa Nyawera, upepo hauingii mbele. Oili ikipita kiwango cha joto kilichowekwa, kompyuta inapunguza nguvu ili kulinda giaboksi. Huenda ndiyo sababu gari la jirani yako lilikataa kupanda, ingawa wengi hukimbilia kulaumu injini. Likikufanyia hivyo Ngomo, egesha, weka P na uache injini ikizunguka polepole, kwa kuwa ukiizima pampu inasimama na oili haipiti tena kwenye kipoozaji.

Sasa magari yako. X-Trail hiyo ina giaboksi ya kampuni ya Jatco, iitwayo JF011E, ambayo ilifungwa pia katika Mitsubishi Outlander. Nchini Marekani, Nissan yenyewe ilirefusha dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 kutoka maili 60,000 hadi maili 120,000, yaani kama kilomita 193,000, au miaka 10. Kiwanda hakichukui mzigo wa namna hiyo bila sababu. Zipo X-Trail zinazotembea vizuri hadi leo, lakini kwa njia zako mimi ningechagua RAV4. Kuhusu kilomita, siwezi kukuahidi idadi, kwa sababu hatujui oili ya gari hilo ilibadilishwa lini.

Mwenye teksi (Goma):

Ninamheshimu Fundi na maelezo yake ni sahihi, lakini swali la kudumu haliishii kiwandani. Giaboksi ya kawaida ikiharibika, hapa Goma nitapata mtu wa kuifungua na vipuri vya kuirudisha. CVT ikiharibika, mara nyingi ninaambiwa nitafute nyingine iliyotolewa kwenye gari la ajali, nayo historia yake siijui. Halafu kuna barabara. Tope au mawe ya lava yanapofanya gurudumu lizunguke bure kisha lishike ghafla, pigo lote linaufikia mkanda.

Kaka wa Nguba, zingatia pia kwamba RAV4 si zote sawa. Zile za soko la Japani za kuanzia mwishoni mwa 2005, zenye injini ya lita 2.4, zina CVT, lakini nyingi zilizouzwa nchi za Ghuba miaka ileile zina giaboksi ya otomatiki ya kawaida, yenye gia 4. Mimi ningesubiri hiyo, hata kama inakunywa mafuta zaidi.

Dereva wa Lubumbashi:

Huku kwetu ardhi ni tambarare na CVT nyingi zinaenda Likasi na kurudi bila shida. Wanaoziharibu ni wale wanaotia oili ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Toyota Prius nayo isichanganywe humu: huitwa CVT, lakini haina mkanda wala puli, bali gia zilizoshikana daima na mota mbili za umeme.

Mkaaji wa Nguba:

Nawashukuru sana. RAV4 ya Ghuba sijaiona hapa kwa bei yangu, kwa hiyo huenda nikachukua ile ya Japani. Kabla ya kulipa, nikague nini?

Fundi wa Kadutu:

Hoja ya ndugu wa Goma kuhusu ukarabati ni ya kweli, ndiyo maana ukaguzi usifanywe kwa haraka. Lijaribu kwanza likiwa baridi: ukitoka P kwenda R, kisha D, lisikawie wala kugonga. Halafu lipandishe mlima mrefu likiwa na watu hadi lipate moto, kwa sababu CVT mbovu nyingi huficha ugonjwa zikiwa baridi. Ukisikia mlio unaokua pamoja na mwendo, ukihisi mtetemo mwendo ukiwa mdogo, au ukiona mshale wa mizunguko ya injini unapanda na gari haliongezi mwendo, liache. Muuzaji akikataa usilipandishe mlima, liache pia.

Ukishalinunua, usingoje. Mwaga oili, fungua karteri (bakuli la oili chini ya giaboksi) uangalie sumaku iliyomo: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyong'aa si vya kawaida. Tia oili ya CVT ya Toyota, CVTF TC au FE, kulingana na kitabu cha gari lako, na fundi apime kiwango injini ikiwa inazunguka na oili ikiwa imefikia joto linalotajwa humo, si kwa kukisia. Baada ya hapo ningeibadilisha kila kilomita 40,000, na kwa milima yetu hata 30,000. Likikwama njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu yakizunguka: injini ikiwa imezimwa, pampu haisukumi oili, na kutoka Kamanyola hadi Bukavu ni mbali vya kutosha kuimaliza giaboksi iliyokuwa nzima.