Chumba cha mawe 4.2 × 3.3, besi inanguruma: nianzie wapi?

KasaraniStirio
Wadau, salamu. Nimehamia nyumba ya kupanga hapa Kasarani na chumba kimoja nimekitenga kwa muziki tu. Urefu mita 4.2, upana 3.3, dari ya zege mita 2.7. Kuta ni mawe na plasta, sakafu ni tiles, dirisha liko ukuta wa spika. Nina amplifaya ya wati 60 kila upande, spika za stendi zenye wufa (koni ya besi) ya inchi 6.5, mashine ya santuri, na dekoda ya TV imechomekwa humo humo. Spika zimeegemea ukuta, kiti kimeegemea ukuta wa pili.

Besi inanguruma nota moja tu, zingine hazisikiki vizuri. Nikipiga kofi chumba kinajibu "trrr". Halafu kuna mvumo hata kama hakuna wimbo unaocheza. Ninunue sabwufa, ama nyaya nzuri kwanza?

Fundi_Ngara
Sabwufa achana nayo kwa sasa, itaongeza kelele pale pale. Kwanza hesabu kidogo: sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 343 ÷ 8.4, unapata Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Hayo ndiyo masafa chumba chako kinayavimbisha, na waya mnene wa gitaa la besi, ule wa E, uko Hz 41.2. Ndiyo maana kwenye rumba nota hiyo inakurukia na zile za juu yake zinapotea.

Mvimbo huo huwa mkali zaidi ukutani. Wewe umeweka spika ukutani na masikio ukutani, umeukamata pande zote mbili. Katikati ya chumba napo usikae, mita 2.1 ndipo Hz 41 inapozimika kabisa na utadhani wufa zimekufa.

Chukua masking tepu uchore sakafuni. Masikio yawe mita 1.6 kutoka ukuta wa nyuma yako. Uso wa spika mita 0.9 kutoka ukuta wa dirisha, twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) hadi twita mita 1.8, hivyo kila moja inabaki na mita 0.75 hadi ukuta wa pembeni. Ukipima kutoka sikio hadi twita utapata kama 1.9, karibu pembetatu sawa. Twita iwe kimo cha sikio ukiwa umeketi. Geuza spika ndani hadi mistari yake ikutane nyuma kidogo ya kichwa chako. Kisha funga uzi kwenye kiti, uuvute hadi kila twita: tofauti isizidi sentimita moja, la sivyo mwimbaji anahamia upande mmoja.

Mwimbaji akikosa kabisa mahali pa kusimama, sauti imetawanyika na besi ni nyembamba, waya za spika moja zimepinduliwa. Chomoa waya upande wa amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa nyekundu. Wufa zote mbili zinafaa kusukuma nje.

Baada ya hapo sogeza sentimita 5 kwa wakati, kitu kimoja tu, kwa wimbo ule ule. Ukisogeza kiti na spika pamoja hutajua kilichosaidia.

WayaMbili
Nyaya: twin flex ya shaba, 2.5 mm², basi. Kwa mita 4 kwenda na kurudi ukinzani ni kama ohm 0.055, mbele ya spika ya ohm 8 hiyo si kitu. Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, utauziwa waya ya alumini iliyopakwa shaba kwa bei ya shaba halisi. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu chini ya mwanga. Ukiona weupe ndani, mrudishie.

Mvumo: dekoda ndiyo mshukiwa wa kwanza. Chomoa kebo ya dishi nyuma yake. Ukikoma, una mzunguko wa ardhi: ardhi inaingia kwa soketi ya ukutani na tena kwa dishi. Tumia waya ya optiko kati ya dekoda na amplifaya kama zote zina tundu lake, haipitishi stima. Ukisikika kwenye santuri pekee, angalia ule waya mwembamba wa ardhi umefungwa kwa skrubu ya GND. Usikubali fundi akate ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Bodi ya amplifaya ikipata stima siku moja utakuwa wewe ndio njia ya ardhi.

PambaYaMawe
Hiyo "trrr" ni sauti inayorushwa kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Na kabla mtu hajakushauri trei za mayai: hazinyonyi besi hata kidogo, zinagusa masafa ya juu kiasi tu, na zinashika moto upesi. Sponji nyembamba ni hadithi ile ile.

Tengeneza paneli sita za rokwuli (pamba ya mawe), mita 1.2 kwa 0.6, unene sentimita 10, fremu ya mbao ya saiprasi. Vaa glavu na maski unapokata. Funika kwa kitambaa ambacho ukikipuliza kwa mdomo hewa inapita. Leso ya pamba inafaa, vitambaa vya sofa vingi havifai. Nne zisimame mbili mbili, moja juu ya nyingine, kwenye kona za nyuma yako. Hapo ndipo besi hujaa. Mbili za pembeni: kaa kitini, mwenzako apitishe kioo ukutani, na pale unapoiona twita ndani ya kioo ndipo paneli inakaa. Acha sentimita 5 hadi 10 za hewa nyuma yake.

Zulia nene kati ya spika na kiti, na dirishani pazia zito lenye upana mara mbili ya dirisha ili likunjane. Soko la Gikomba mapazia yapo ya mtumba, yale yenye bitana.

KasaraniStirio
Shukrani sana. Nimesogeza jinsi Fundi alivyosema, ile nota moja imetulia na mvumo ulikuwa kebo ya dishi kweli. Sasa ngoma inakosa kifua. Halafu landlord hataki kuta zitobolewe.

Fundi_Ngara
Hiyo ni mrudisho wa ukuta wa dirisha. 343 ÷ (4 × 0.9) ni Hz 95, hapo sauti inayorudi inaifuta ile ya mbele. Sogeza spika nyuma hadi mita 0.6, shimo hilo la sauti litapanda hadi Hz 143 na ngoma itapata mwili. Usiweke 0.75, italingana na ule umbali wa pembeni na mashimo mawili yataangukia mahali pamoja. Kiti kiache hapo kilipo.

PambaYaMawe
Paneli za pembeni zifungie miguu ya mbao chini, kama ubao wa matangazo, zisimame zenyewe. Zile za kona ziunge kwa bawaba mbili nyuma ili ya juu isianguke.