Kamera ya kitundu kwenye dijitali: nimepunguza tundu, picha imezidi ukungu

Kijana_wa_Tanga
Wakuu, habari. Nina Canon ya dijitali, megapikseli 18, sensa (kile kibao kinachopokea picha) ya ukubwa wa APS-C. Nataka kuigeuza kamera ya kitundu, yaani inayopiga kwa tundu dogo badala ya lenzi. Nimetoa lenzi, nikatoboa kwa keekee kifuniko kinachoziba mahali pa lenzi, katikati nikabandika kipande cha kopo la soda chenye tundu la sindano. Napiga ngalawa asubuhi, ISO 100 (kiwango cha sensa kuhisi mwanga), kamera ikiwa kwenye stendi.

Tundu la kwanza lilikuwa milimita 0.35, picha ikatoka laini. La pili ni 0.08 hivi, nimelipima kwa skana ya stationari. Nilitegemea picha iwe kali, kumbe imezidi ukungu, na angani kuna madoa meusi. Sitaki kurekebisha kwenye kompyuta kabla sijaelewa mwanga unafanya nini humo ndani.

Bi_Studio
Mwanangu, kopo halina kosa, na kamera ni nzima. Tundu likiwa kubwa, kila nukta ya ngalawa inatua kwenye sensa kama duara lenye upana wa tundu. Likiwa dogo mno, mwanga unatawanyika ukipita, duara linatanuka upya. Kwako tundu liko milimita 45 hivi kutoka kwenye sensa. Hilo la 0.08 linaitandaza nukta moja hadi karibu milimita 0.75, zaidi ya mara mbili ya lile uliloliacha.

Kuna kipimo cha katikati. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alikiandikia mwaka 1891: zidisha umbali kwa urefu wa wimbi la mwanga (kijani ni milimita 0.00055), tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.9. Kwako inakuja 0.3. Ulikuwa umeshakaribia kabisa!

Sasa tazama muda. Kwa 0.08 uko f/560 (umbali ukigawanya kwa upana wa tundu; namba ikikua, mwanga unapungua), jua kali linataka sekunde kumi. Ngalawa inayoelea haikai sekunde kumi, kwa hiyo sehemu ya ukungu wako ni mawimbi. Kwa 0.3 uko f/150, sekunde 0.7 tu. Hata hizo ni nyingi kwa chombo kilicho majini. Subiri maji yapwe, upige iliyolala mchangani.

Madoa ni vumbi la sensa. Kwenye f/8 huyaoni, kwenye f/560 kila punje ina kivuli. Lipulize kwa pampu ya mpira, usipulize kwa mdomo.

Na tundu lenyewe: bonyeza sindano kidogo tu, geuza bati, sugua kile kinundu kwa msasa laini, rudia hadi ncha ipenye. Ukiskani kwa 1200 dpi (pikseli 1200 kwa kila inchi), 0.3 ni pikseli 14. Ukingo ukiwa na vinyweleo, tupa, anza jingine. Hapo mimi sina huruma.

Mwanga_na_Kivuli
Nyongeza fupi: kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) inakuruhusu kusogeza tundu hadi milimita 20 kutoka kwenye sensa. Hapo tundu linakuwa 0.2 na nukta zinapungua upana. Ila picha inakuwa pana sana, ngalawa itaonekana ndogo.

Kijana_wa_Tanga
Shikamoo Bi, nashukuru sana. Je, nikiazima kamera ya megapikseli 45 nitapata ukali zaidi?

Bi_Studio
Marahaba. Megapikseli hazisaidii hapa. Kwa tundu la 0.3 nukta yako ina upana wa milimita 0.2, na sensa yako ina milimita 22. Yaani unapanga nukta 110 hivi kwa upana, ilhali pikseli zako ni 5,184. Zimeshazidi mbali.

Kinachosaidia ni ukubwa wa eneo linalopokea picha. Karatasi ya milimita 127, tundu likiwa umbali wa milimita 150, inapanga nukta zaidi ya 300. Ndiyo maana picha zinazopigwa kwa kamera za makopo ya maziwa, kwa karatasi ya kusafishia picha gizani (darkroom), zinatushangaza kwa ukali.

Kwa kamera uliyonayo, piga picha kadhaa zinazopishana, ukizungusha stendi kidogo kidogo kwa mwangaza uleule, kisha ziunganishe. Ni kama umepata sensa kubwa. Chagua ngalawa moja, tanga jeupe mbele ya anga la buluu, si rundo la nyavu, maana vitu vyembamba vitapotea kwenye nukta hizo. Na paka ndani ya kifuniko rangi nyeusi isiyong'aa, maana keekee huacha plastiki inayorudisha mwanga.