Wiki ya sita nakohoa, TB hasi, antibayotiki hazifanyi kitu. Msaada wakuu

Mjenzi_Phx: Habarini wakuu. Niko Phoenix, Arizona, mwaka wa pili huu, kazi yangu ujenzi. Ilianza kama mafua, ikaja homa, jasho la usiku, magoti na vifundo vikauma. Kliniki wamenipa antibayotiki mara mbili, wapi! Eksirei ina doa pafu la kulia, TB wamepima haipo. Uchovu ndio umenimaliza, ngazi kumi tu nakaa chini. Jamaa wa kazini anasema ni homa ya bonde. Mwenye uzoefu?

Kibuyu: Bonde la Ufa? Umechinja mbuzi karibuni?

MamaTatu: Kibuyu bwana, hiyo ni virusi vya mifugo! Hii ya Arizona na California ni fangasi wa udongo mkavu, koksidioidesi. Mnachimba, vumbi linapaa, unamvuta, wiki moja hadi tatu unaanza kukohoa. Antibayotiki hazimgusi. Mume wangu alizungushwa miezi miwili hivyo hivyo. Mwambie daktari waziwazi unataka damu ipimwe kingamwili za koksi. Majibu yakiwa hasi usiridhike, mwanzoni kingamwili huchelewa kuonekana. Ya mume wangu yalitoka hasi, akarudia baada ya wiki tatu ndipo yakaonekana.

Mjenzi_Phx: Asante dada. Sasa watoto si nitawaambukiza?

Nesi_Mstaafu: Hapana, haiambukizwi kwa kukohoa. Wengi hupona hata bila dawa, ila wewe usibweteke. Sisi weusi, wenye kisukari na wajawazito, ndio huyu fangasi hupenda kutoka mapafuni akaingia kwenye ngozi, mifupa, hata utando wa ubongo. Kwa hiyo daktari anaweza kukuanzishia flukonazoli mapema, mara nyingi miligramu 400 kwa siku, miezi 3 hadi 6. Na usijitibu na kile kidonge kimoja cha fangasi wa ukeni. Dawa ni ileile, dozi mbingu na ardhi. Kichwa kikiuma mfululizo au shingo ikikakamaa, hospitali usiku huohuo.

Mjenzi_Phx: Nimepata miadi Alhamisi.

MamaTatu: Safi. Omba nakala ya eksirei, na siku ukienda likizo nyumbani uibebe. Doa likibaki, daktari asiyejua ulikoishi atakuanzishia dawa za TB.

Kibuyu: Mbuzi nafuta kauli. Ugua pole mkuu.