Nyufa za msingi Dodoma: tukandike saruji, tupige sindano ya epoksi, au tuchimbe msingi upya?

MwanaMakole:
Habari za jioni, wakuu. Nyumba yangu ya vyumba vitatu hapa Dodoma imepata ufa kwenye msingi, na mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anataka kuupasua kwa tindo, kuukandika kwa saruji na mchanga, kisha apige lipu. Wa pili anataka kupiga sindano ya epoksi, yaani gundi ngumu ya kujaza ufa. Wa tatu anasema kona imezama, hivyo tuchimbe chini ya msingi na kumwaga zege jipya. Bei zao zinapishana mno. Nimsikilize nani?

MzeeWaZege:
Ndugu yangu, umetutajia dawa tatu bila kututajia ugonjwa. Ufa una upana gani, na unapanuka juu au chini? Unapanda wima, au unafuata viungo vya matofali kama ngazi? Udongo wa hapo ni kichanga, au ni mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka? Nyumba ina miaka mingapi, na maji ya paa yanakwenda wapi?

SindanoNaZege:
Nimefanya kazi hii muda mrefu na ninaitetea epoksi bila kusita. Hupenya kwenye ufa mwembamba ambao saruji haiwezi kuufikia, na ikikauka hushika kuliko zege lenyewe, mradi ufa uwe safi na mkavu. Ufa unaopitisha maji unafaa poliyurethani, dawa nyingine ya sindano, kwa sababu huvimba inapokutana na maji na hubaki ikinyumbuka. Kukandika saruji na kupiga lipu juu yake ni kuuficha ufa tu.

BintiWaMbuga:
Kaka, epoksi ni nzuri, lakini naomba usikie yaliyotupata. Nyumba ya wazazi wangu imesimama juu ya udongo mweusi wa mbuga. Ufa ulianzia kona ya dirisha la jikoni ukashuka hadi kwenye mkanda wa zege ulio juu ya msingi, na kufikia mwezi wa nane ulikuwa unaingiza ncha ya kidole. Tulilipa fedha nyingi ukapigwa sindano, na kweli hadi leo pale palipojazwa hapajaachia. Lakini mvua za Desemba zilipoanza, ufa mwingine ulichomoza shubiri moja pembeni, ukashuka sambamba na ule wa kwanza. Mlango wa nyuma ukakwama, baba akaupiga randa; kiangazi kilipofika, mlango uleule ukaacha mwanya ambao kuku walipita. Alirudia hivyo misimu mitatu. Mwishowe tulifukua tukakuta bomba la bafuni limeachia kwenye kiungo, likilowesha udongo wa upande mmoja tu wa nyumba. Tulihamisha bomba, tukaweka mifereji ya paa, tukamwaga zege la kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kutoa maji nje. Nyufa zilitulia baada ya hapo, na hizo ndizo kazi tulizopaswa kuanza nazo.

FundiTofali:
Mimi ningeanza na miti. Kama kuna mkaratusi karibu na ukuta, ukatwe leo, maana unanyonya maji na udongo unasinyaa.

MzeeWaZege:
Usimharakishe, ndugu Fundi. Kwenye udongo wa mfinyanzi, mti mkubwa ukikatwa ghafla, maji uliokuwa ukiyanywa hubaki ardhini, udongo ukavimba na kuinua msingi.

FundiTofali:
Nimekata mingi na sijaona nyumba ikiinuka.

MzeeWaZege:
Huenda ilikuwa kwenye kichanga, ambacho hakivimbi. Mbuga ni jambo jingine.

MwanaMakole:
Samahani kwa kuchelewa, na asanteni sana. Nyumba ina miaka sita. Udongo ni mweusi, na kiangazi hupasuka hata fimbo huzama. Ufa uko kona ya nyuma, unapanda kwa ngazi. Asubuhi nimepima milimita 9 chini na milimita 4 juu, na hupanuka wakati wa mvua. Mti hakuna. Upande huo hauna mfereji wa paa, na karo la maji machafu liko mita tatu kutoka ukutani.

MzeeWaZege:
Hapo ndipo penye neno. Mara nyingi ufa uliopanuka juu huonyesha kona inazama, na uliopanuka chini huonyesha kona inanyanyuliwa. Fundi wa tatu anataka kutibu kuzama, wakati vipimo vyako vinaelekea kuvimba. Hata ukija kuchimba, usikubali afukue ukuta wote kwa pamoja; huchimbwa vipande vya takriban mita moja, visivyopakana, na zege la kimoja likomae kabla ya kufungua jirani yake. Kwa sasa weka mfereji, gandisha vipande vya kioo juu ya ufa (kikivunjika, ujue ufa bado unatembea), andika tarehe, ufuatilie masika na kiangazi kizima.

SindanoNaZege:
Mwaka mzima ni mrefu mno. Miezi mitatu inatosha, kisha ujaze kabla nondo za mkanda hazijashika kutu.

BintiWaMbuga:
Miezi mitatu ndiyo tuliyosubiri sisi, yote ya kiangazi.

MwanaMakole:
Vioo vitatu nimeshavigandisha, na fundi wa mifereji anakuja Jumamosi. Je, karo nalo lihamishwe?

MzeeWaZege:
Limesakafiwa na kupigwa lipu ndani, au ni shimo linalonyonya?

MwanaMakole:
Sijui, mkuu. Nilinunua nyumba ikiwa tayari. Kesho nitafungua mfuniko.